Ujenzi wa Vifurushi vya Linux Ndani ya Mashine Pepe: Maelezo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004 chini ya mradi wa Kilinux, suala la Kiswahili katika tarakilishi limejadiliwa mara nyingi katika makongamano na majarida ya wapenzi wa lugha hii. Aghalabu mjadala huo huishia katika istilahi. Je, istilahi mwafaka ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Faili liitwe faili au jalada? Hayo ni maswali ya haki na hayafai kubezwa. Hata hivyo, lipo swali jingine ambalo huulizwa kwa nadra sana: baada ya mfasiri kukamilisha kazi yake na kuikabidhi, ni nini hufuata? Tafsiri aliyoitolea jasho hufikaje katika tarakilishi ya mtumiaji aliyeko Voi au Kigoma?

Jibu ni kwamba hufika ikiwa ndani ya kifurushi. Tafsiri isiyoingizwa katika kifurushi ni mfano wa mswada uliobaki katika saraka ya mwandishi: upo, lakini hausomwi. Kwa sababu hiyo, yeyote anayetaka Kiswahili kiwe lugha ya matumizi katika tarakilishi hana budi kufahamu, japo kwa muhtasari, jinsi vifurushi vinavyojengwa. Makala haya yanaeleza njia mojawapo ya ujenzi huo, nayo ni ujenzi unaofanywa ndani ya mashine pepe inayoigiza tarakilishi ya aina nyingine. Mifano imetolewa hasa katika mfumo wa Debian, mmojawapo wa mifumo ya Linux yenye umri mkubwa zaidi, ulioasisiwa na Ian Murdock mnamo Agosti 1993.

Kifurushi ni nini?

Programu huandikwa na binadamu katika lugha maalumu inayosomeka kwa binadamu. Maandishi hayo huitwa msimbo asilia. Tarakilishi haiwezi kuutekeleza msimbo huo moja kwa moja, kwa kuwa kichakataji, yaani moyo wa mashine, huelewa amri za tarakimu tu. Programu iitwayo kompaila ndiyo huusoma msimbo asilia na kuugeuza kuwa amri hizo.

Kifurushi ni matokeo ya kazi hiyo yaliyofungwa pamoja na kila kinachohitajika: programu iliyogeuzwa, maelezo ya matumizi, tafsiri za lugha mbalimbali, na hati inayoeleza jina la programu, toleo lake, mtunzaji wake, na vifurushi vingine ambavyo programu hiyo inavitegemea. Mtumiaji hutoa amri moja, nayo mashine ikachukua kifurushi pamoja na vitegemewa vyake na kuvipanga mahali pake. Debian 13, iliyotolewa tarehe 9 Agosti 2025, ina vifurushi zaidi ya 69,000.

Katika programu nyingi, tafsiri huhifadhiwa katika faili lenye jozi za sentensi: sentensi ya lugha ya awali juu, na tafsiri yake chini. Faili la Kiswahili huitwa sw.po. Wakati wa ujenzi, chombo kiitwacho msgfmt hulisoma faili hilo na kuzalisha jingine, lenye kimalizio cha .mo, ambalo programu huweza kulipekua kwa haraka. Hili la pili ndilo huwekwa katika kifurushi. Ni bayana basi kwamba mfasiri akiandika sw.po na kifurushi kisijengwe upya, hakuna mtumiaji atakayeliona hata neno moja la Kiswahili.

Kwa nini kifurushi kimoja hakitoshi?

Vichakataji havizungumzi lugha moja. Tarakilishi nyingi za mezani hutumia vichakataji vya jamii ya x86, ilhali simu nyingi za mkononi hutumia vya jamii ya ARM. Jamii hizi huitwa usanifu. Kila usanifu una orodha yake ya amri, na amri iliyo sahihi katika usanifu mmoja huwa haina maana yoyote katika mwingine. Ndiyo maana programu iliyogeuzwa na kompaila kwa ajili ya x86 haiwezi kuendeshwa na ARM, sawasawa na msomaji anayejua Kiswahili tu asivyoweza kufaidi shairi la Kiarabu hata akilisoma kwa sauti. Debian 13 inashughulikia rasmi usanifu wa aina 7. Vifurushi ambavyo ni maandishi au picha pekee hujengwa mara moja na kutumiwa kote, lakini vile vyenye programu iliyogeuzwa havina budi kujengwa upya kwa kila usanifu.

Tofauti za usanifu haziishii katika orodha ya amri. Zipo pia katika namna ya kuhifadhi nambari. Kiswahili husema "thelathini na tano", kikitanguliza kumi. Kiarabu husema "tano na thelathini", kikitanguliza mamoja. Nambari ni ile ile, ila mpangilio umegeuka. Vichakataji navyo viko vivyo hivyo: x86 hutanguliza sehemu ndogo ya nambari katika kumbukumbu, ilhali usanifu wa m68k hutanguliza sehemu kubwa. Mwandishi wa programu aliyezoea mpangilio mmoja na kudhani kwamba ni wa ulimwengu mzima huandika msimbo unaofanya kazi vyema kwake na kuharibika ugenini. Kosa la namna hii halionekani mpaka programu ijengwe na kujaribiwa katika usanifu wa pili.

Zipo njia tatu za kupata kifurushi cha usanifu mwingine. Ya kwanza ni kununua mashine yenyewe na kujengea humo. Ya pili ni kutumia kompaila iliyoko katika mashine ya x86 lakini inayozalisha amri za usanifu mwingine. Njia hii ina kasi, ila ina kikwazo: programu nyingi, wakati wa kujengwa, huzalisha vijiprogramu vya majaribio ambavyo sharti viendeshwe papo hapo ili kuichunguza mashine, navyo haviwezi kuendeshwa pale kwa kuwa ni vya lugha nyingine. Njia ya tatu ni kuigiza mashine nzima ndani ya mashine iliyopo. Hii ndiyo maudhui ya makala haya.

Mashine ndani ya mashine

Mashine pepe ni programu inayojifanya tarakilishi kamili. Ina kichakataji chake, kumbukumbu yake, diski yake na kadi yake ya mtandao, ingawa vyote hivyo havishikiki kwa mkono. Diski yake, kwa mfano, ni faili tu lililo katika diski halisi ya mwenyeji. Mfumo endeshi unaowekwa humo haujui kwamba umo ndani ya maigizo. Huwaka, huhesabu kumbukumbu, huomba anwani ya mtandao, na kumsubiri mtumiaji kama kawaida.

Hapa panafaa kutofautisha aina mbili. Iwapo mashine ya ndani na ya nje zina usanifu mmoja, amri za ndani huweza kupelekwa moja kwa moja kwa kichakataji halisi. Kiini cha Linux kimekuwa na uwezo wa kusaidia jambo hilo, kwa jina la KVM, tangu mwaka wa 2007. Kasi yake hukaribia ile ya mashine halisi. Lakini iwapo usanifu ni tofauti, hakuna njia ya mkato: kila amri lazima ifasiriwe. Programu inayofanya ufasiri huo ndiyo kiigizi. Kiigizi mashuhuri zaidi katika ulimwengu wa Linux ni QEMU, kilichobuniwa na Mfaransa Fabrice Bellard na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2003.

Mkalimani na mfasiri

Mwanafunzi aliyesoma nadharia za tafsiri ataielewa kazi ya QEMU bila tabu. Kiigizi cha kimsingi hufanya kazi ya mkalimani: husikiliza amri moja, huigeuza, huitekeleza, kisha husikiliza inayofuata. Amri hiyo hiyo ikirudiwa mara elfu, mkalimani huyo huigeuza mara elfu. Kazi hufanyika, lakini kwa mwendo wa kobe.

QEMU hufuata njia ya mfasiri wa maandishi. Husoma fungu zima la amri, kuanzia mwanzo hadi pale mtiririko unapogeukia kwingine. Fungu hilo hugeuzwa kwanza kuwa lugha ya kati ambayo si ya mgeni wala si ya mwenyeji. Kutoka lugha hiyo ya kati hugeuzwa kuwa amri za kichakataji halisi. Kisha, na hili ndilo jambo kuu, tafsiri huhifadhiwa. Fungu lilelile likihitajika tena, QEMU haifasiri upya, bali huchukua nakala iliyo tayari. Kwa kuwa programu hutumia muda wao mwingi katika kurudiarudia mafungu machache, akiba hiyo huokoa muda mwingi mno.

Lugha ya kati ina faida nyingine. Kama pangekuwa na wageni 10 na wenyeji 10, na kila mgeni akahitaji mfasiri wa kila mwenyeji, wangehitajika wafasiri 100. Kwa kupitia lugha ya kati, wanahitajika 20 tu: 10 wa kuingia na 10 wa kutoka. Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa zaidi manufaa ya lugha moja inayowakutanisha wenye lugha nyingi.

QEMU hutumika kwa mitindo miwili. Mtindo wa kwanza huigiza tarakilishi nzima, pamoja na kiini cha mfumo endeshi. Mtindo wa pili huigiza programu moja tu: amri zake hufasiriwa, lakini kila inapohitaji huduma ya mfumo, mathalani kufungua faili, ombi hupelekwa kwa kiini cha mwenyeji. Mtindo huu wa pili ni mwepesi na wenye kasi, ila baadhi ya programu changamano huvurugika ndani yake. Mtindo wa kwanza ni mzito, lakini ni mwaminifu zaidi kwa mashine inayoigizwa.

Hatua za ujenzi

Ili maelezo yasielee hewani, ichukuliwe programu ndogo iitwayo hello, kazi ya mradi wa GNU, ambayo huchapisha salamu kwenye skrini na hutumika sana kufundishia. Ikihitajika kujengwa kwa usanifu wa ARM ndani ya tarakilishi ya x86, hatua huwa hizi.

Kwanza, hutengenezwa faili litakalokuwa diski ya mashine pepe. Faili hilo huweza kutajwa kuwa la gigabaiti 20, lakini likaanza likiwa dogo na kukua kadiri linavyojazwa.

Pili, mfumo wa msingi wa Debian huwekwa humo. Huu ni mfumo mtupu: kiini, ganda la kutolea amri na zana chache za lazima. Chombo kiitwacho debootstrap huweza kuukusanya kutoka hazina ya vifurushi.

Tatu, mashine pepe huwashwa. Katika hatua hii mgeni hushangazwa na utaratibu wake, kwani kuwaka huweza kuchukua muda mrefu kuliko mashine halisi ya mwenyeji.

Nne, huchukuliwa msimbo asilia. Katika Debian, msimbo huja kwa kawaida katika mafaili matatu: msimbo jinsi ulivyotolewa na waandishi wake, nyongeza za mtunzaji wa Debian, na hati iliyotiwa sahihi inayoyaelezea hayo mawili.

Tano, huwekwa vitegemewa vya ujenzi, yaani kompaila, maktaba na zana zote zilizotajwa katika hati ya programu.

Sita, hutolewa amri ya dpkg-buildpackage. Msimbo hugeuzwa, mafaili ya tafsiri hugeuzwa, majaribio huendeshwa, na mwishowe kifurushi chenye kimalizio cha .deb hupatikana.

Saba, kifurushi huwekwa katika mashine pepe nyingine, iliyo safi, na kujaribiwa.

Hatua ya saba ndiyo yenye manufaa makubwa kwa mfasiri. Kwa mfano, sentensi ya programu huweza kuwa na nafasi tupu ambayo jina lolote hutiwa wakati wa matumizi, ikifuatwa na taarifa kwamba kilichotajwa kimefutwa. Mfasiri anayeiona sentensi hiyo katika orodha, bila kuiona ikitenda kazi, huandika "limefutwa" akifikiria faili. Kumbe jina linalotiwa pale huweza kuwa picha, ambayo hutaka "imefutwa", au kitabu, ambacho hutaka "kimefutwa". Upatanisho wa kisarufi, ambao ni uti wa mgongo wa Kiswahili, huvunjika mbele ya mtumiaji. Mfasiri akiwa na mashine pepe aliyoiwekea mazingira ya sw_KE au sw_TZ, hujenga kifurushi, huendesha programu, huona kosa na kulirekebisha kabla ya kazi kutoka. Iwapo jaribio litaharibika kabisa, hufuta faili la diski na kuanza upya. Tarakilishi yake halisi, yenye tasnifu na kumbukumbu zake, haiguswi.

Usanifu uliofufuka

Umuhimu wa ujenzi wa aina hii hauonekani bayana zaidi kuliko katika kisa cha usanifu wa m68k. Kichakataji cha Motorola 68000 kilitoka mwaka wa 1979, na jamii yake ndiyo iliyoendesha mashine za Macintosh za mwanzo, Amiga na Atari. Debian 2.0, iliyotolewa Julai 1998, ilikuwa ya kwanza kutolewa rasmi kwa usanifu zaidi ya mmoja, na m68k ndiyo iliyoandamana na x86.

Miaka ilivyosonga, programu ziliongezeka na kuwa kubwa. Mashine za m68k, ambazo zilikuwa zimekoma kuundwa, zilibaki na kasi ileile. Kichakataji cha 68040 kilikwenda kwa mapigo kati ya milioni 25 na 40 kwa sekunde. Kifurushi kikubwa kiliweza kuishughulisha mashine moja kwa siku kadhaa, na kabla haijamaliza, toleo jipya lilikuwa limeshatoka. Debian 4.0 ilipotolewa Aprili 2007, m68k haikuwamo tena katika orodha rasmi. Usanifu haukuuawa na mtu yeyote. Uliachwa nyuma tu, kama lugha ambayo wasemaji wake wamezeeka na haiandikwi vitabu vipya.

Wapenzi wake hawakukata tamaa. Walirekebisha kompaila na maktaba za msingi, kisha wakakabili tatizo la kasi kwa njia isiyotarajiwa: badala ya kutafuta mashine kuukuu zaidi, walitumia kiigizi. Kiigizi kiitwacho ARAnyM, kilichokusudiwa kuigiza mashine za Atari, kiligeuzwa kuwa karakana ya kujengea vifurushi. Mwaka wa 2019 QEMU nayo ikapata uwezo wa kuigiza Macintosh Quadra 800. Hesabu yake ni rahisi. Kichakataji cha kisasa huenda kwa mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Hata ikichukuliwa kwamba kiigizi kinapoteza sehemu tisa katika kumi za kasi hiyo, kinachobaki kingali mara kadhaa ya mashine ya awali. Maigizo yakawa na nguvu kuliko asili yake. Usanifu wa m68k umeendelea kuhifadhiwa na kujengewa vifurushi katika kitengo cha Debian Ports, nje ya orodha rasmi.

Kiigizi hakitumiki kwa wazee pekee, bali pia kwa wasiozaliwa. Usanifu wa RISC-V ulianza kubuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka wa 2010. Mwaka wa 2016, wakati mashine halisi za kutosha hazikuwa zimepatikana, wajenzi wa mfumo wa Fedora walikuwa tayari wakijenga vifurushi vyake ndani ya QEMU. Mashine zilipofika, programu zilikuwa zikizisubiri. Debian 13 ndiyo ya kwanza kuutambua usanifu huo rasmi.

Jiko safi na suala la uaminifu

Mashine pepe ina faida nyingine ambayo haihusiani na tofauti za usanifu. Mpishi aliyezoea jiko lake akiombwa kuandika namna ya kupika pilau, huenda akasahau kutaja bizari nyembamba, kwa kuwa kwake haijawahi kukosekana. Mwenzake akifuata maandishi hayo katika jiko geni, atapata chakula kisicho pilau. Watunzaji wa vifurushi hufanya kosa lilo hilo. Maktaba fulani imo katika tarakilishi zao tangu jadi, hivyo husahau kuitaja. Kifurushi kikijengwa ndani ya mashine pepe tupu, ambayo haina chochote ila kilichotajwa, upungufu hujitokeza papo hapo.

Lipo pia suala la uaminifu. Programu huria hujivunia kwamba msimbo wake wasomwa na yeyote. Lakini mtumiaji haendeshi msimbo, huendesha kifurushi. Nani amthibitishie kwamba kifurushi hicho kimetokana na msimbo ule ule? Ken Thompson alilijadili suala hili mwaka wa 1984, akaonyesha kwamba hata kompaila yenyewe huweza kutiwa hila isiyoonekana katika msimbo wowote. Miaka 40 baadaye, hofu hiyo ilisogea mlangoni. Mnamo Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia katika mashine kwa njia ya mbali kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Alipofuatilia, aligundua kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya XZ yamefichwa mlango wa siri. Sehemu ya hila hiyo ilikuwa katika faili la ujenzi ambalo halikuwamo katika hazina ya wazi ya msimbo. Aidha, hila ilichunguza kwanza mazingira: ilijitokeza ikiwa kinachojengwa ni kifurushi cha Debian au cha aina ya RPM, kwa ajili ya Linux katika x86 ya biti 64. Kwa maneno mengine, adui alikuwa ameusoma mchakato wa ujenzi kwa makini kuliko watumiaji wengi. Kwa bahati njema, matoleo hayo hayakuwa yamefika katika toleo thabiti la Debian.

Mojawapo ya kinga zinazojengwa dhidi ya hali kama hizo ni ujenzi unaorudufika, ambao Debian imeushughulikia tangu mwaka wa 2013. Watu wawili wasiojuana hujenga kifurushi kimoja, kila mmoja katika mashine yake, kisha matokeo hulinganishwa biti kwa biti. Yakilingana, ni vigumu kudhani kwamba mjenzi mmoja ametia lake. Mashine pepe huwezesha mlinganisho huo, kwa kuwa tarehe, jina la mashine na mazingira huweza kubadilishwa kwa makusudi ili kuona kama kifurushi kitabadilika. Ni kweli kwamba kinga hii haizuii hila iliyotiwa katika mafaili asilia yenyewe, kama ilivyotokea kwa XZ. Kila kufuli lina mlango wake.

Mipaka ya kiigizi

Si vyema kuisifu njia hii kupita kiasi. Kwanza, kasi hupotea. Hesabu za nambari zenye sehemu za desimali huathirika hasa, kwani aghalabu QEMU huzifanya kwa programu badala ya kuzikabidhi kwa kichakataji halisi. Pili, majaribio yanayotegemea muda hushindwa si kwa sababu programu ni mbovu, bali kwa sababu mashine ya ndani imechelewa. Mjenzi asiye makini huweza kulaumu msimbo usio na hatia. Tatu, usanifu wa biti 32 hauwezi kuelekeza kumbukumbu zaidi ya baiti 4,294,967,296 kwa programu moja, na baadhi ya programu za leo huhitaji zaidi ya hapo ili kujengwa. Mipaka hiyo huigizwa pia. Nne, kiigizi chenyewe kina makosa yake. Programu huweza kufaulu ndani yake na kushindwa katika mashine halisi, au kinyume chake. Kwa hiyo, panapopatikana mashine halisi, ushahidi wake ndio hutangulizwa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kifurushi ni nini, kwa nini hujengwa upya kwa kila usanifu, na jinsi kiigizi kinavyoiwezesha tarakilishi moja kufanya kazi ya nyingi. Imebainika kwamba ujenzi huo umefufua usanifu ulioachwa, umeutayarishia mpya mapokezi, na umesaidia katika kulinda uaminifu wa programu huria. Imebainika pia kwamba tafsiri ya Kiswahili hukamilika inapojengwa, si inapoandikwa. Kila toleo jipya la programu huja na sentensi mpya. Tafsiri isiyofuatilia ujenzi hubaki na toleo lililopitwa na wakati, na mtumiaji akarejea katika lugha aliyoikimbia. Jambo hili si la wahandisi pekee. Wanafunzi wa Kiswahili ndio wenye maarifa ya ngeli na upatanisho ambayo mhandisi huenda hana, nao wanahitaji tu tarakilishi ya kawaida, faili moja la diski pepe, na subira.

Ni vyema kumalizia kwa neno lenyewe. Katika kamusi, pepe ni punje ya nafaka isiyo kitu ndani, ile ipeperukayo mpunga unapopepetwa. Kwa maana hiyo, istilahi "mashine pepe" huweza kumpotosha msikilizaji, akadhani kwamba inatajwa mashine isiyo na kiini. Kumbe mashine pepe ina kiini chake chenyewe, kiini cha Linux, kinachowaka, kuhesabu na kujenga. Huenda siku zijazo wanaistilahi wakapata neno linalofaa zaidi. Hadi hapo, yatosha kukumbuka kwamba ndani ya pepe hii mna chembe ziotazo.